Mume Wangu, Kilti Yake na Kanisa la Baba

Kuna maswali ambayo binti wa Kisorya hategemei kuulizwa na mwanaume wake. Mojawapo ni hili: “Mpenzi, siku ya kanisani kilti yangu niivae na nini?”

Ilikuwa Novemba 2022, tuko sebuleni Dar, nakunja nguo za safari. Tulikuwa tumeshafunga ndoa ya serikali, tukabakiza ya kubariki kanisani kwetu, Kisorya, mwezi Desemba. Yeye ni mtu wa Aberdeen, Scotland. Akatoa begi refu juu ya kabati, akafungua zipu, akaitandaza kitandani kama mama anayetandaza khanga za mnada. Nikacheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona kwa macho, kilti ni vazi la wanaume wa Scotland la kitambaa cha sufu cha drafti. Mbele ni bapa, nyuma ni marinda matupu, na linaishia katikati ya goti. Moja iliyoshonwa sawasawa inakula kama yadi 8 za kitambaa, yaani mita 7 na ushee, ndiyo maana ni nzito kama blanketi. Hayo ni maelezo ya kistaarabu. Kwa maelezo ya watoto wa kijijini kwetu, ile ni sketi ya shule.

Basi nikatoa jibu ambalo mabinti wengi tunalo tayari mdomoni: “Baba hatakubali.”

Akaniuliza, “Umemuuliza?”

Sikuwa nimemuuliza.

PAMBA ZA KUSHUKIA BUNDA

Ngoja nikueleze kwetu kukoje. Kisorya iko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Musoma mpaka Bunda, kisha unakata kushoto kuelekea Kibara, unakwenda mpaka nchi inakwisha. Mbele yako ni maji, na kivuko kinachokupeleka Rugezi, upande wa Ukerewe. Ni mahali ambapo kila anayeshuka kwenye gari anatazamwa, maana anayefika pale ama ni mtu wa pale, ama anasubiri kivuko. Asiyekuwa hivyo vyote viwili, watu watataka kujua ni mkwe wa nani.

Baba yangu ni mzee wa kanisa tangu sijazaliwa. Nimekua nikijua kwamba suruali kwa mwanamke ni vazi la mjini. Kwa hiyo, tangu nilipoingia chuo mpaka naitwa mhariri, safari zangu za nyumbani zimekuwa na kituo kimoja ambacho hakipo kwenye tiketi: natoka Dar na jinzi yangu, nikifika stendi ya Bunda naingia chooni, natoka na gauni na khanga kiunoni. Sista du anaingia, binti wa mzee wa kanisa anatoka. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi bila kuwaza.

Usiku ule nikamwambia mume wangu kwa sauti laini, ile ya kubembeleza, kwamba avae suti tu, kilti tutaivaa kwenye sherehe Dar, kwa marafiki wanaoelewa.

Akakaa kimya kidogo. Anaijua habari ya Bunda, nilishawahi kumsimulia kama kichekesho. Akasema, “Kwa hiyo na mimi nibadilishie Bunda?”

Jamani, lile swali liliniuma. Babu yake alizikwa, na yeye alisimama kanisani na kilti ile. Dada yake aliolewa, aliivaa. Kwao si kichekesho wala vazi la ngoma za watalii, ni nguo ya siku ambazo mtu anataka aonekane amejiheshimu. Na mimi nilikuwa namwambia kwamba siku ya ndoa yake aje bila kitu hicho, ili mimi nisione haya.

SIMU KWA BABA

Kesho yake nikapiga.

“Baba, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu hajambo?”

Nikazunguka weee, nikaanzia kwenye hali ya hewa, nikapitia bei ya sangara, mwishowe nikasema. Baba hakukasirika. Aliuliza kama anavyouliza kwenye kikao cha ukoo, swali moja moja.

“Kwao hiyo nguo huvaliwa siku gani?”

“Siku za harusi, baba. Misiba. Kanisani pia.”

“Shambani hawaendi nayo?”

“Hawaendi nayo.”

“Basi ni nguo ya heshima. Sasa wewe unataka mtu aje kunichukulia mtoto na nguo ya kawaida?”

Nikakosa la kusema. Akaendelea, na hapo nikasikia anatabasamu. “Ila Mwalimu naye alisoma huko huko Edinburgh, toka 1949 mpaka 1952, mbona alirudi Butiama na suruali yake?”

Tukacheka wote. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: “Mwanangu, hivi unayemwogopa ni mimi, au ni watu? Maana hata hizo suruali zako ninazijua. Ulifikiri Bunda ni Ulaya, hakuna anayetuambia?”

Nilikaa na simu sikioni kama niliyemwagiwa maji. Miaka yote ile namficha mtu anayejua! Akamalizia: “Mimi kama baba nimekubali. Lakini kanisa si langu. Mpigie mchungaji. Na shangazi yako mwambie mwenyewe, huko mimi simo.”

SI SISI TU

Nilipoanza kusoma habari za vazi lile ndipo nilipoona kuwa hii vita ya nguo na heshima ni ya zamani na ni ya wengi.

Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani Scotland kushindwa vitani, bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa huko kuvaa mavazi yao, kilti ikiwemo. Walioruhusiwa ni wanajeshi wa mfalme. Raia aliyekamatwa kwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, akirudia anasafirishwa ng’ambo miaka 7. Sheria ile ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh, naye akaivaa. Vazi la kufungiwa jela likawa vazi la ikulu.

Na sisi? Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, wavae suruali, ili eti waonekane watu wa kisasa. Kuanzia Januari 1, 1969, Umoja wa Vijana wa TANU nao ukaanza operesheni yake Dar es Salaam: vimini, mawigi na suruali za kubana marufuku. Mmoja aliambiwa amevaa kizamani, mwingine akaambiwa amevaa kizungu. Leo yule Mmaasai na lubega yake anasimama mlangoni mwa maduka yetu na hakuna anayeshangaa.

Ukivuka mpaka kwenda Uganda, Jumapili utaona mwanaume ametinga kanzu nyeupe mpaka kwenye viatu, juu amepiga koti la suti, na hakuna anayesema amevaa gauni. Pwani yetu mzee anakaa barazani na kikoi chake, mwanaume kamili. Kumbe suruali si sharti la uanaume. Ni mazoea, na mazoea hutofautiana.

Kwa upande wa Biblia, nilijua kifungu kitakacholetwa: Kumbukumbu la Torati 22:5, kinachokataza mwanamke kuvaa ya mwanaume na mwanaume kuvaa ya mwanamke. Nilipompigia mchungaji nikakitaja mimi mwenyewe kabla yake. Akaniambia kwa upole kwamba cha kuuliza ni je, kule kwao hiyo ni nguo ya nani. Nikamwambia ni ya wanaume. “Basi,” akasema. “Na mimi siku hiyo nitakuwa na joho linaloburuza, sijui tutamcheka nani.”

Akatoa masharti matatu. La kwanza, kile kisu kidogo wanachochomeka kwenye soksi kibaki nyumbani. La pili, kofia ivuliwe mlangoni kama kwa mwanaume yeyote. La tatu ndilo kubwa: aje Jumamosi awasalimie wazee wa kanisa na kuwaeleza, wasije wakashtukizwa mbele ya watoto wao.

DRAFTI JUU YA KITENGE

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, maana lilikuwa bado halijajibiwa. Avae na nini?

Kilti ina kanuni zake, na mume wangu anazijua kama ninavyozijua mimi kanuni za sendofu. Alikuwa na makoti mawili. Moja jeusi, fupi, lina vifungo vya kung’aa na mkia mdogo nyuma. Mimi nililipenda hilo. Akaniambia hilo ni la usiku, la karamu. Kulivaa kwenye ibada ya saa tatu asubuhi ni sawa na mimi kwenda misa ya asubuhi na gauni la sendofu. La mchana ni koti la sufu la kijivu lenye vifungo vya kawaida, na kizibao chake. Kile kimkoba kinachoning’inia mbele nacho kina cha mchana na cha usiku: cha usiku kina manyoya na madini ya fedha, cha mchana ni ngozi tupu. Tukachukua cha ngozi.

Viatu vikatusumbua. Vya kwao vya sherehe havina ulimi, kamba zake zinazungushwa juu ya kifundo cha mguu. Vinapendeza, lakini kwa mchanga wa Kisorya ungejaza debe. Akavaa viatu vyeusi vya kawaida vya ngozi. Soksi ndefu za kijivu, zimekunjwa chini kidogo ya goti. Joto la Desemba akasema atalivumilia, mradi ibada iwe ya asubuhi wakati upepo wa ziwa bado unavuma.

Tatizo likawa sare. Ukoo wetu ulishachagua kitenge cha bluu na njano, na kamati ya shangazi iliamua kuwa wanaume wote, bwana harusi akiwemo, watavaa mashati ya kitenge hicho. Tulipofika nyumbani akalijaribu juu ya kilti ya kijani na bluu. Wenzangu, alionekana kama meza mbili za sokoni zimegongana! Hata baba, ambaye hana habari na mitindo, aligeuza uso.

Kumvua sare kabisa ingekuwa kumtoa kwenye familia siku anayoingia. Kumvua kilti tulishalivuka. Mdogo wangu ndiye aliyepata jibu: shati jeupe, na tai ya kitenge cha sare. Fundi wa Kibara akaishona kwa mabaki jioni moja, akiwa hajawahi kushona tai maishani. Ikatoka fupi, ikaishia katikati ya tumbo. Kizibao kikaificha. Nikaona hiyo nguo ina hekima zake.

Na lile swali ambalo najua unalo, shosti, na mashoga zangu wote waliniuliza: ndani kuna nini? Utani wa kwao ni kwamba hakuna kitu. Kwa kanisa lenye mabenchi mafupi na upepo wa ziwa dirishani, ndani kulikuwa na bukta nyeusi, nilihakikisha mwenyewe. Na kuna namna ya kukaa. Unapitisha mikono nyuma kulaza marinda kabla hujakaa, miguu unaiweka pamoja, kile kimkoba kinakaa katikati na kulalia kitambaa cha mbele. Alifanya mazoezi kwenye kigoda cha mama, watoto wa jirani wakihesabu.

SIKU YENYEWE

Jumamosi alikwenda kwa wazee wa kanisa na suruali yake, kilti ameikunja mkononi kama mtu anayepeleka nguo kwa fundi. Wakaishika, wakaipima uzito, mmoja akauliza bei akaguna. Wengi walisema sawa. Mmoja alisema si sawa, na akasema mbele yake, kwa adabu.

Jumapili tukaingia. Kwaya ya vijana, safu ya mbele, mabinti wawili walibana vicheko mpaka machozi. Yule mzee aliyekataa alisimama, akatoka kwa mlango wa pembeni, hakurudi mpaka ibada ikaisha. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Lakini alikuwa ameshasema, na sisi tulikuwa tumeshamsikia. Hakuna aliyemvizia mwenzake.

Katikati ya mahubiri, tumekaa mbele kwenye viti viwili, magoti ya mume wangu meupe yanaonwa na kanisa zima, nikasikia hatua. Shangazi. Shangazi ambaye tangu nimwambie habari ya kilti alikuwa hajanijibu zaidi ya “haya.” Akatembea mpaka mbele, akafungua khanga aliyojifunga begani, akainama, akamfunika mkwe wake magotini kama tunavyofanyiwa mabinti tukikaa vibaya. Akarudi kwenye benchi lake.

Kanisa kimya. Mume wangu akamgeukia kidogo, akasema, “Asante, shangazi,” akailainisha ile khanga vizuri, akabaki nayo mpaka tulipoitwa kusimama. Ilikuwa khanga yake ya kila siku, imefifia mpaka maneno yake hayasomeki. Lilikuwa karipio au lilikuwa pendo? Nilimuuliza shangazi jioni. Akasema, “Kulikuwa na upepo.”

Jumatatu mume wangu alikwenda kumsalimia yule mzee aliyetoka. Walikaa saa nzima wakizungumza habari za nyavu na samaki, maana naye kwao ni mtu wa bandarini. Alipoaga, mzee akamwambia kwa Kiswahili cha polepole ili aelewe: “Wewe ni kijana mzuri. Ile nguo si nzuri.” Wakapeana mikono. Hivyo ndivyo walivyo mpaka leo, na wanaulizana hali.

KAMA NA WEWE UNAYE WAKO

Huenda mwenzi wako si wa Scotland. Huenda ni Mmaasai anayetaka lubega yake kwenye kanisa la wakwe mjini, au ni Mganda na kanzu yake, au ni wewe na rasta zako. Nililojifunza ni dogo tu. Usimseme mzazi kabla hujamuuliza. “Baba hatakubali” mara nyingi maana yake ni “mimi naona haya,” na mwenzi wako anaisikia hivyo hivyo hata kama hasemi.

La pili, uliza mapema, na waulize wenye kanisa, si marafiki zako. Watu wengi huweza kuvumilia nguo ngeni; kushtukizwa ndiko kunakowaudhi. La tatu, vazi moja likishakuwa linaongea, mengine yote yanyamaze: koti la kijivu, shati jeupe, kiatu cheusi. Na acha mahali padogo pa kuwekea kitu cha wenyeji. Kwetu ilikuwa tai fupi iliyofichwa na kizibao, lakini wajomba wote walijua ipo.

Ng’ambo ya maji yetu, Ukerewe, ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyeandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mpaka mwaka 1945, zikaja kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mle, Myombekere anakwenda kumwomba mke wake arudi, na wakwe wanamtaka kwanza alete pombe ya ndizi. Anahangaika nayo mpaka inapatikana. Ukwe wa ziwani ndivyo ulivyo tangu zamani: haukatai mtu, ila unataka uone amejihangaisha.

Tuliondoka siku ya Jumatano. Asubuhi nilisimama chumbani kwangu cha usichana muda mrefu, gauni mkono huu, jinzi mkono huu. Nikavaa jinzi, nikajifunga khanga juu yake, nikaifungua, nikaikunja nikaitia kwenye begi. Nikatoka uani.

Baba alikuwa anafunga mizigo na kamba. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kiunoni, akarudi kwenye fundo lake.

“Leo basi,” akasema, “mtapita Bunda bila kusimama.”